Rangi Nne za Ndoa ya Yaya

Jumapili, mwezi wa tisa. Joto limetangulia mvua, vumbi limeingia hata kwenye sukari, na mimi sina hamu ya kutoka chumbani.

Wachache mnaopita kwenye ukurasa huu mnanijua kwa michoro. Tangu nimalize shule huwa naweka picha na maneno mawili matatu chini yake, kwa sababu maneno mengi yananitia hofu. Leo hakuna picha. Picha ndiyo iliyoniletea haya.

Yaya Clarisse, dada yangu mkubwa, anaolewa. Au alikuwa anaolewa. Tangu jana mchana sijui nitumie neno gani.

Ni ndoa ndogo. Misa, halafu viti hamsini vya kukodi uani kwetu Katuba, turubai moja, kuku, samaki wa Pweto, na spika ya jirani. Ni ndogo kwa sababu ndugu za Papa wamekataa kuja. Mchumba wa Yaya, Kaka Mukendi, ni mtu wa Kasai. Yaani wazazi wa wazazi wake walitoka Kasai. Yeye amezaliwa hapahapa Lubumbashi, kama mimi, kama Yaya. Lakini ndugu za Papa walisema binti wa Katanga hawezi kupelekwa "kule". Kule ni Kamalondo, mtaa mwingine wa mji huuhuu. Mtu anaweza kwenda kwa miguu na kurudi kabla maharagwe hayajaiva.

Papa peke yake alikubali. Alipokea mahari, akashika mkono wa Kaka Mukendi mbele ya watu, akasema mtoto ni wa Mungu kwanza, kabila baadaye. Nilijivunia Papa siku ile mpaka machozi yakanitoka, nikajificha jikoni.

Mama hayupo. Alifariki nikiwa bado mdogo wa kufungiwa viatu, na tangu siku ile viatu alinifungia Yaya. Ndiye aliyenisuka. Ndiye aliyekuja shuleni siku za wazazi, msichana mwenyewe, akakaa kwenye benchi katikati ya wamama wa watu. Kwa hiyo aliponiambia, "Mudogo, rangi za ndoa utachagua weye, mi sina macho ya vile," niliona kama nimepewa kitu cha kubeba kwa mikono miwili.

Sijawahi kupewa kazi kubwa. Mimi ni yule anayeambiwa alete maji kwa wageni na kurudi ndani.

Nilianza na bleu, buluu ya giza, na nyeupe. Nilizipanga karatasi mezani, zikapendeza, nikaita watu. Tantine Odile, mdogo wake Papa, ndiye pekee katika ndugu zake ambaye hakununa kuhusu ndoa hii. Aliangalia, akashika kiuno.

"Bleu na nyeupe? Mutoto, tunaenda ku ndoa ao tunaenda kusimama mu rang? Na préfet mulishamualika?"

Yaya alicheka hadi akaegemea ukuta. Bleu na nyeupe ni sare ya shule, ya kupanga mstari asubuhi mbele ya préfet, mkuu wa shule; ni ya kila shule, kutoka huku hadi Sakania. Nimeivaa maisha yangu yote. Pengine macho yangu hayajapata habari kwamba shule imekwisha.

Baadaye nikafikiria zambarau, kwa kuwa jacaranda zimeanza kuchanua barabarani. Yaya alitikisa kichwa. Alisema kitambaa kilichofunika jeneza la Mama kilikuwa cha zambarau. Sikukumbuka. Yeye alikumbuka, na aliendelea kuchambua mchicha bila kuinua uso.

Njano Tantine aliikataa, eti wageni watatuomba unité za simu, kama wauza salio wa barabarani. Rangi ya chokoleti na krimu ni ya kila mtu mwaka huu. Ukitoka Jumamosi utakutana na ndoa tatu za chokoleti kabla hujafika sokoni. Pinki Yaya hataki, na hakutoa sababu.

Nilikuwa karibu kumwambia amtafute mtu mwingine. Halafu siku moja nilikuwa nafua raba zangu uani. Maji yalitoka mekundu, yale maji tunayoyajua wote, ambayo hata ukisuuza mara ngapi yanabaki na wekundu. Nikawaza: udongo huu umo kwenye viatu vya Yaya. Umo kwenye viatu vya Kaka Mukendi pia. Haujauliza nani ametoka wapi.

Hapo nikaona kila kitu kwa pamoja, kama mtu anapofungua dirisha.

Nyekundu ya udongo wetu. Kijani cha malakiti, lile jiwe la mistari ambalo babu alipewa alipostaafu kazi ya reli, na ambalo bado liko juu ya kabati la vyombo. Nyeupe ya gauni. Na rangi ya shaba kwa riboni na vinara vya mishumaa, kwa sababu bila shaba mji huu usingekuwapo, wala babu zetu wasingekuja, wa kwetu wala wa kwa Kaka Mukendi.

Rangi za Lubumbashi. Watu hawa wawili wamezaliwa kwenye mji mmoja, basi mji uwavishe. Nilifikiri kila atakayeingia uani, wa upande huu na wa upande ule, atajiona yumo.

Nilifikiri hivyo kwa moyo wote.

Nikachora kadi ya mwaliko kwa mkono, ya mfano, ili familia ya Kaka Mukendi waione kabla ya kuchapa. Juu nilipaka nyekundu. Chini niliacha nyeupe, mahali pa majina. Katikati nikagundisha riboni ya kijani, na nikailaza mshazari, kutoka pembe hadi pembe, kwa kuwa riboni iliyolala hivyo inapendeza kuliko iliyonyooka. Halafu ile pembe nyeupe ya chini ilibaki tupu, ikanisumbua. Shuleni tulifundishwa kwamba zamani, kabla ya wazungu, watu wa huku walitoa mahari kwa misalaba ya shaba, ile midogo yenye mikono sawa. Nikaipaka pale kwa rangi ya shaba. Mitatu, kwa Utatu Mtakatifu.

Kila kipande kilikuwa na sababu yake nzuri.

Ninyi mnaosoma, kama ni wakubwa, au kama mliwahi kusikia wazee wakisimulia, mmeshaona nilichokifanya. Mimi sikuona. Ninaapa. Shuleni tulichora bendera nyingi, za nchi ambazo hata sitazifikia. Ile ya Katanga, jimbo letu, ya wakati lilipotaka kujitenga, hatukuichora. Ile haitundikwi, haichezewi, mtu anaweza kukamatwa nayo. Labda niliwahi kuiona mahali, kwenye simu ya mtu, kwenye ukuta, na mkono wangu ukaihifadhi bila kuniuliza. Sijui lipi ni baya zaidi, kutoijua kabisa au kuijua bila kujua.

Yaya aliiona kadi akasema ni nzuri. Yeye naye alizaliwa baada ya mambo yale ya bendera.

Halafu nikampelekea Papa.

Hapa ndipo moyo unaponiuma, na ndiyo maana nimeshindwa kulala usiku kucha. Papa si mtu wa kusifu. Nilipopata diploma alisema, "Ni vizuri," akaendelea kurekebisha redio. Lakini kadi ile aliishika, akanyoosha mkono ili aione kwa mbali, kama wafanyavyo watu wa umri wake. Kisha akacheka taratibu. Siyo cheko la kudharau. Cheko la mtu aliyekutana njiani na rafiki wa zamani.

"Eh, mwanangu," akasema. "Njo kwetu hii." Hii ndiyo kwetu.

Akaisimamisha juu ya kabati, kando ya jiwe la babu. Nilirudi chumbani nikajitupa kitandani, nikafunika uso kwa mto, kwa furaha.

Jana ndiyo siku waliyokuja. Mama Ngalula, mama yake Kaka Mukendi, na Kaka Mukendi mwenyewe. Baba yake ni marehemu. Mama Ngalula ana duka dogo la dawa Kamalondo. Ni mwanamke mwenye sauti ya chini, anayevaa miwani kwa kamba shingoni, na kila akija kwetu huniletea pipi za kikohozi kana kwamba bado nina miaka sita. Nampenda. Alisalimia, akakaa, akasifu usafi wa ua. Tantine Odile alikuwa jikoni na moshi wake. Mimi nilipanga vitu mezani: kipande cha kikwembe, yaani kitenge, cha kijani na chekundu tulichotaka kuwanunulia wamama wa pande zote, riboni, kinara kimoja. Yaya akanisukuma kidogo mgongoni, nikaenda kuchukua kadi juu ya kabati nikamkabidhi Mama Ngalula kwa mikono miwili.

Alivaa miwani.

Nilikuwa nikimwangalia mdomoni, nikingoja tabasamu. Mdomo haukufanya kitu. Aliondoa macho kwenye kadi akatazama kikwembe, akatazama riboni, akarudi kwenye kadi. Aligusa misalaba kwa kidole, mmoja, wa pili, wa tatu.

"Nani alichora hii?"

"Ni mimi, mama."

"Uko na miaka ngapi?"

Nikamwambia. Akatikisa kichwa polepole, kama daktari aliyesikia dalili alizozitazamia. Akaipindua kadi, akailaza kifudifudi mezani, akavua miwani.

"Mukendi, tuende."

Kaka Mukendi alikuwa bado na glasi mkononi. "Mama, ni nini?"

"Nimesema tuende."

Yaya akainama kuokota kadi, akaigeuza, akaitazama, na bado hakuelewa, nilimwona hakuelewa. Kaka Mukendi akaitazama juu ya bega lake. Yeye alielewa. Uso wake ulibadilika, akasema haraka, "Mama, ni mutoto. Hajue. Angalia, ni mutoto tu, hajue kitu."

"Najua mutoto hajue," alisema Mama Ngalula. Alikuwa ameshasimama, akimtazama Papa. "Papa Clarisse, siye tulikuja kuoa. Hatukujua munatuitia bendera."

Papa alikuwa kwenye kiti chake. Hakusimama. Mgeni anasimama, mama wa bwana harusi, na Papa hakusimama.

"Mama," akasema, "ni rangi tu."

Jikoni, mwiko wa Tantine ulisimama sufuriani.

"Eh," akasema Mama Ngalula. "Rangi tu."

Akatoka. Hakupiga kelele, hakusonya. Aliinua tu kikwembe chake kidogo pale mlangoni, kama mtu anayevuka maji machafu.

Kaka Mukendi alituambia mengine kwenye geti, haraka, mama yake akiwa ameshatangulia barabarani. Alituambia kwamba wakati watu wa Kasai walipofukuzwa Katanga, mama yake alikuwa mke kijana, akiishi Likasi; Lubumbashi walihamia baadaye. Walitolewa nyumbani, wakalala kwenye gare, kituo cha treni, pamoja na maelfu ya wengine wakingoja treni. Ilichelewa sana kufika. Walilala chini, mvuani, chini ya maplastiki. Na vijana walikuwa wakipita mbele ya gare wakiimba, wameshika ile bendera. Mama Ngalula alikuwa na mtoto wa kwanza mgongoni. Alipanda treni bila mtoto.

"Hatuongeleaka ile mambo ku nyumba," alisema Kaka Mukendi. "Mi mwenyewe niliambiwa nikiwa mukubwa. Mara moja tu." Alimshika Yaya mkono, kisha akauachia. "Nitakupigia."

Hakupiga. Ilipofika jioni Yaya alikuwa ameketi na simu mapajani kama mtu anayengoja mkate uumuke.

Hakunigombeza. Ningependa anigombeze. Aliniambia tu, "Haukujua," na baadaye tena, "Haukujua, mudogo," na mara ya tatu sauti yake ilikuwa ya mtu anayejibembeleza mwenyewe. Kwa desturi, asubuhi ya ndoa mama wa bwana harusi ndiye anayekuja mlangoni kwetu kumchukua bibi arusi. Anaingia ndani, anamwita "binti yangu", anamtoa kwa mkono; kumutosha ku mulango, ndivyo tunavyosema. Yaya hana mama wa kumtoa. Alikuwa na wa kumpokea. Miezi yote hii, nilipomuuliza kama anaogopa, alikuwa akinijibu hivyohivyo: "Hapana, Mama Ngalula atakuwa pale."

Nilimpa rangi, nikamnyang'anya mama.

Leo baada ya misa sikurudi nyumbani. Sikumwambia mtu. Ninyi mnaonijua mnajua kwamba mimi hushindwa hata kumwambia mwenye duka amenirudishia chenji pungufu. Lakini nilitembea hadi Kamalondo na nguo zangu za misa, nikirudia kichwani sentensi moja: mama, ninaomba uchague rangi wewe. Niliirudia mpaka ikapoteza maana.

Duka la dawa lilikuwa wazi. Mbele yangu kulikuwa na mwanamke anayenunua dawa ya minyoo, anauliza bei, anabishana, anacheka. Nilisimama nyuma yake nikiomba asimalize. Akamaliza.

Mama Ngalula aliniona. Hakushangaa. Alisogeza kigoda kwa mguu.

"Kaa. Umekuja na miguu?"

Nilikaa. Sentensi yangu ilikuwa imepotea. Nikaanza kulia, jambo ambalo nilikuwa nimejiapiza sitalifanya, kwa kuwa niliona si haki mimi ndiye nilie mbele yake. Aliniacha. Alikuwa akipanga vipakiti vya vidonge kwenye kabati la vioo, akivigeuza vyote vitazame upande mmoja.

"Mi sina hasira na weye," akasema. "Weye ulichora udongo na mawe. Mukendi aliniambia. Yaya yako alimuandikia usiku." Akageuza kipakiti kimoja. "Ni mawazo ya muzuri. Ingekuwa mu inchi ingine, ingekuwa ya muzuri sana."

Nikapata sentensi yangu. "Mama, ninaomba uchague rangi wewe. Yoyote. Tutabadilisha vyote."

Aliweka chini vipakiti vyake, akanitazama usoni bila miwani, macho yake yakiwa madogo na mekundu kidogo.

"Nikuulize kitu kimoja. Ile kadi, papa yako aliiona kabla ya siye kukuja?"

Hilo tu.

Nimekaa hapa tangu nirudi nikijaribu kufikiria mtu mwingine angejibu nini. Mtu mwerevu angesema hapana, hakuiona, alikuwa kazini. Neno moja, na Mama Ngalula angekuja asubuhi ya ndoa, angeingia, angemchukua Yaya kwa mkono. Alikuwa anataka niseme hapana. Niliona anataka. Alinipa hata muda.

Nikaona tu Papa ameshika kadi kwa mbali, anacheka.

"Aliiona," nikasema.

"Akasema nini?"

"Alisema ni nzuri."

Sikusema lile neno lingine. Sikusema "njo kwetu." Nadhani hakulihitaji.

Akavaa miwani. Mteja akaingia, akataka dawa ya kichwa, akahudumiwa, akatoka. Kisha Mama Ngalula akasema kwa sauti ileile ya chini, kama anayenipa maelekezo ya dawa:

"Aksanti kwa kunisemea kweli. Yaya yako ni mutoto yangu, nitamupokea. Misa nitafika, nitakaa mbele, nitamubariki. Ku nyumba ya papa yako sitaingia. Kumutosha ku mulango, batafute mwengine. Na rangi, muvae zenye munapenda. Mi nitavaa yangu."

Nilisimama. Akaniwekea pipi za kikohozi mkononi. Naona hata hakufikiri, ni mkono tu uliozoea. Hilo ndilo lililonimaliza.

Nilirudi Katuba. Papa alikuwa ameketi uani kwenye kivuli cha ukuta, chakula mbele yake kwenye kistuli: bukari, yaani ugali wetu, na mboga na samaki. Alikuwa peke yake. Tantine amerudi kwake tangu jana, bila kuaga. Yaya alikuwa ndani.

"Umetoka wapi?"

"Kamalondo."

Hakuuliza kwa nani. Alinawa mikono, akaanza kumega bukari.

Kuna jambo nimelijua siku zote, kama ninavyojua namba ya nyumba yetu. Papa alianza kazi ya reli akiwa kijana, kabla hajamwoa Mama. Babu alimtafutia nafasi. Hakuanzia Lubumbashi. Tumesikia hadithi zake za ujana tangu tuko wadogo: mkubwa wake wa kazi aliyelala amesimama, mbuzi aliyepanda bogi, mechi za mpira za jioni kwenye uwanja wa nyuma ya gare. Gare ya Likasi. Ninazijua zote. Hakuna hata moja yenye watu wamelala chini.

Nilisimama mbele yake na nguo zangu za misa. Sijui nguvu ilitoka wapi. Labda ilikuwa imebaki kidogo kutoka kule.

"Papa, wakati ule wa watu wa Kasai, ulikuwa ku gare?"

Mkono wake ulisimama. Siyo kwa muda mrefu. Alinitazama, na kwa mara ya kwanza nilimwona Papa akiwa kijana, yaani niliona pale usoni mtu wa umri wangu anayetaka niondoke.

"Kula kwanza," akasema. "Bukari inapoa."

Akasogeza sahani upande wangu.

Nilikaa. Nilikula. Tulikula kwenye sahani moja, kama kila Jumapili, na aliniachia kichwa cha samaki kwa kuwa anajua nakipenda. Nilikila chote.

Sitamuuliza tena. Ninajijua.

Nilipoingia ndani, Yaya alikuwa ameketi kitandani kwangu. Nikamwambia nimetoka kwa Mama Ngalula. Akashika mdomo. Nikamwambia atakuja misa, atakaa mbele, atambariki. Nikamwambia amesema, "Yaya yako ni mutoto yangu."

Alinikumbatia mpaka mgongo ukaniuma. Akaniita shujaa. Mimi. Alilia na kucheka pamoja, akasema alikuwa ameogopa bure, alikuwa ameogopa kwamba hata Mama Ngalula atamkosa. Kisha akajifuta, akauliza kama mtu anayeuliza jambo dogo la mwisho:

"Na asubuhi? Atakuja kunitosha hapa?"

"Sijui," nikasema.

Alisema si kitu, atakuja tu, akishakubali misa hawezi kukataa mlango. Akachukua simu, akaenda chumbani kwake kumpigia Kaka Mukendi.

Kwa hiyo ninaandika. Ndugu za Papa hawatakuja. Tantine sijui. Nikinyamaza, Yaya atasimama nyuma ya mlango na gauni lake jeupe akingoja kuitwa, na hakuna atakayemwita. Nikisema, atauliza kwa nini, na sitaweza kumwambia kwa nini bila kumweleza jinsi Papa alivyocheka alipoiona kadi, na asubuhi ya ndoa yake hatakuwa na mama wala baba. Nilipewa kazi ya kuchagua rangi. Nani alinipa hii?

Nitamwambia. Siyo leo. Au leo, akikata simu.

Ukuta wetu ni mwembamba. Sasa namsikia upande wa pili, anaongea na Kaka Mukendi, anamweleza jambo haraka haraka, na anacheka.